Pesa Hizi ni za Nani?

Kila kampuni ya teknolojia inayokua hupitia kipindi ambacho salio lake la benki ni kubwa kuliko mali yake. Wateja wamelipa, mwekezaji ametuma fungu la kwanza, waanzilishi wanaona kwenye simu zao tarakimu ambazo hawajapata kuziona maishani, na kila mmoja ana wazo la kuzitumia. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kuuliza swali lisilomfurahisha yeyote: pesa hizi ni za nani? Insha hii ni ya kumsifu mtu huyo. Naamini uhasibu, ukishikwa na anayeujua, ni miongoni mwa kazi za haki kabisa katika uchumi wetu mpya, kwa kuwa humlindia mtu mali yake hata pale ambapo mwenyewe hayupo kuisemea.

Tuchukulie kampuni ya vijana kumi na wawili yenye ofisi Kijitonyama, Dar es Salaam, si mbali na jengo la COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Wameunda programu ya kusimamia shule: mahudhurio, matokeo, na ulipaji wa ada kwa simu. Mwanzoni mwa Januari shule 100 zimejiunga. Kila moja imelipia mwaka mzima shilingi 2,400,000, na juu yake VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Wazazi nao wanalipa ada kupitia mfumo huohuo, na kampuni ndiyo inayozifikisha shuleni. Tarehe 31 Januari akaunti inasoma shilingi milioni 380.

Mhasibu analichambua salio hilo fungu kwa fungu. Milioni 95 ni ada za wazazi zilizo njiani kwenda shuleni. Hizo hazikuwa za kampuni hata kwa dakika moja. Milioni 43.2 ni VAT iliyotozwa kwa niaba ya serikali. Milioni 5.8 ni kodi ya mishahara na michango ya hifadhi ya jamii (NSSF), ambayo imeshakatwa kwa wafanyakazi na haijapelekwa inakotakiwa. Zinabaki milioni 236, na bado hajamaliza. Katika zile milioni 240 zilizolipwa na shule, huduma iliyokwisha kutolewa ni ya mwezi mmoja, yaani milioni 20. Milioni 220 zilizobaki ni deni: shule zinaidai kampuni miezi kumi na mmoja ya kazi. Ukizitoa nazo, pesa ambazo vijana hawa wanaweza kuziita zao bila kumdhulumu mtu ni milioni 16.

Si kwamba zile milioni 220 hazigusiki. Zipo ili zilipe mishahara na seva za miezi ijayo, na kampuni ikizitumia kwa kazi hiyo haijamkosea mtu. Balaa huanza pale zinapogeuzwa faida: zinaponunua gari, zinapolipia ofisi ya ghorofani, au zinapowashawishi waanzilishi waajiri watu wanane kwa mpigo. Ikifika Agosti, shule bado zinataka huduma, na aliyezilipia huduma hizo alishalipa Januari.

Tazama pia jambo moja ambalo huwashtua wengi. Shule zimeshalipa, kwa hiyo VAT inadaiwa yote sasa, ingawa huduma itatolewa kidogo kidogo hadi Desemba. Ukiacha pembeni VAT ya manunuzi, ambayo sheria inaruhusu kuitoa, ifikapo tarehe 20 Februari mamlaka ya mapato, TRA, inasubiri milioni 43.2 kutoka kwa kampuni ambayo mapato yake halisi ya Januari ni milioni 20. Asiyejua hili huona kodi imemvamia. Mwenye mhasibu alishaziweka pesa hizo kando siku zilipoingia.

Uchambuzi huu hautegemei mhasibu kuwa mkali au mpole. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 1, 2018, kinataka mapato yahesabiwe kadiri ahadi kwa mteja inavyotimizwa. Kingine, IAS 38, kinatawala mishahara ya wanaoandika programu: kazi ya kutafiti huingia kwenye gharama moja kwa moja, na kazi ya kuunda huweza kuandikwa kama mali ikiwa kampuni itathibitisha, pamoja na mengine, kwamba bidhaa inaweza kukamilika, itakamilishwa, na italeta manufaa. Kampuni inayotaka kupendeza machoni pa wawekezaji hutamani kuita kila kitu mali. Mhasibu hudai ushahidi kwanza, na akikosa ushahidi, gharama inabaki gharama.

Taaluma hii ina historia ndefu. Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hisabati chenye sehemu inayoeleza namna wafanyabiashara wa mji huo walivyoandika kila muamala mara mbili, debiti upande mmoja na krediti upande wa pili. Pwani yetu nayo ililijua daftari. Karne ya 19 misafara iliondoka kuelekea bara ikiwa na shehena za mkopo. Hata mfanyabiashara mashuhuri wa misafara hiyo, Tippu Tip, alikopeshwa mali na Taria Topan, tajiri wa Unguja, na msafara uliweza kukaa bara kwa miaka kabla ya kurudi. Muda wote huo kumbukumbu ya nani anamdai nani ilikaa kwenye karatasi. Na waliosoma chuoni wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Wahenga wa huku walilifupisha somo hilo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukitaka kuona uhasibu ukibeba teknolojia mabegani, itazame M-Pesa. Ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, watu wengi walistaajabia ujumbe wa simu unaohamisha pesa. Nyuma ya ujumbe ule kulikuwa na uamuzi wa kihesabu: kila shilingi inayosomeka kwenye simu ya mteja iwe na shilingi halisi iliyowekwa benki, katika akaunti ya amana iliyotengwa na pesa za kampuni ya simu. Nchini Kenya amana hiyo ilishikwa na chombo tofauti, M-PESA Holding Company. Mama anayeuza samaki Mwanza hajasoma hati ya amana kama hiyo, wala hana haja. Analala akijua pesa yake ipo, kwa sababu kuna watu ambao kazi yao ni kuhakikisha jumla ya masalio ya simu na jumla iliyoko benki zinalingana.

Amana hiyo ilizaa swali jingine. Pesa za wateja zikikaa benki zinaleta riba. Riba hiyo ni ya nani? Mwaka 2014 Tigo Pesa ya Tanzania ilianza kuwagawia watumiaji wake. Sehemu ya riba iliyomfikia mtu mmoja ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imekadiriwa kwa kufuata salio lake yeye, mteja mmoja kati ya mamilioni. Bila hesabu zilizotenganishwa tangu mwanzo, hata mwenye nia njema asingejua amgawie nani na kiasi gani.

Kinyume chake tumekiona pia. Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa za soko la hisa la nchi hiyo, ilianguka Juni 2020 baada ya kubainika kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa kuwa kwenye akaunti za amana nchini Ufilipino hazikuwapo. Benki zilizotajwa zilisema nyaraka zilikuwa za kughushi. Miaka miwili baadaye, Novemba 2022, ikaanguka FTX, soko la sarafu za kidijitali, baada ya pesa za wateja kuchotwa na kampuni dada, Alameda Research. John J. Ray III, aliyekabidhiwa mabaki yake na ambaye kabla ya hapo alisimamia ufilisi wa kampuni ya Enron, aliiarifu mahakama kwamba wafanyakazi waliomba malipo kwenye jukwaa la gumzo, na wakubwa wakaidhinisha kwa kujibu na emoji. Kampuni zote mbili zilikuwa na wahandisi hodari. Kilichokosekana ni uzito wa kutosha kwa swali la pesa ni za nani, na waliolipia upungufu huo ni watu waliokuwa mbali, waliokuwa wameziamini.

Kutoka kwenye mabilioni hayo naomba turudi Kijitonyama, kwenye meza ya mhasibu siku ya kufunga mwezi, maana ustadi wenyewe uko hapo. Mbele yake kuna taarifa ya benki, taarifa ya lipa namba, na leja. Anapitia muamala mmoja mmoja, akiweka alama kila unapokutana na mwenzake. Mwishoni leja inapungua shilingi 27,000. Asiye fundi angesema ni pesa ndogo, iandikwe chini ya gharama nyinginezo, maisha yaendelee. Fundi anaigawa tofauti hiyo kwa tisa. Inagawanyika bila baki, na kwa wahasibu hiyo ni dalili ya zamani kwamba huenda tarakimu mbili zimepishana mahali fulani. Anarudi kutafuta, na anaikuta: mzazi alilipa 63,000, kwenye leja ikaingia 36,000. Ingeachwa hivyo, mtoto mmoja angerudishwa nyumbani kwa deni ambalo baba yake alishalilipa. Shilingi 27,000 zilikuwa na mwenyewe, na mhasibu amemfikia.

Kampuni changa haiwezi kuajiri timu nzima ya fedha, wala haihitaji. Mwanzoni hutosha karani mwangalifu wa kuandika kila siku, chini ya ofisi ya uhasibu inayohudumia kampuni kadhaa na kuja kufunga mwezi, kuwasilisha kodi ya mishahara (PAYE) kabla ya tarehe 7 na VAT kabla ya tarehe 20. Mauzo ya mwaka yakifika shilingi milioni 200, usajili wa VAT ni lazima, na mhasibu mzuri huiona siku hiyo miezi kadhaa kabla. Fedha za mwekezaji zikikaribia, huhitajika mkuu wa fedha, hata wa siku mbili kwa wiki, anayeweza kueleza pesa zilizopo zitatosha miezi mingapi, na hesabu hizo zitakuwaje shilingi ikiyumba. Hilo la mwisho si la kufikirika. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700 za Tanzania, kisha shilingi ikapanda thamani kabla mwaka haujaisha. Kampuni inayopokea shilingi na kulipia seva kwa dola iliona gharama zake zikipanda na kushuka bila kuongeza mteja hata mmoja. Aliyekuwa na mtu wa kulikadiria hilo alijua ni lini anunue dola na lini asubiri kuajiri.

Katika kumchagua mtu huyo ndipo thamani ya taaluma yenye chombo cha kuisimamia inapoonekana. Bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, huwatahini wahasibu wa Tanzania, huwasajili, na inaweza kumfutia usajili anayevunja maadili. Mhasibu anapomwambia mwanzilishi "hapana, hii hatuwezi kuiandika mapato", halindi mshahara wake peke yake. Ana jina la taaluma nyuma yake, na jina hilo humpa ujasiri ambao ndugu au rafiki aliyepewa kazi ya kushika pesa ni nadra kuwa nao. Waanzilishi wengi huanza na ndugu kwa sababu wanamwamini. Uaminifu ni mzuri, lakini hautoshi kutofautisha deni na mapato. Hilo linataka elimu.

Nawaomba basi waanzilishi wa kampuni zetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kigali, wamwite mhasibu mapema, wakati pesa bado ni chache na mazoea hayajawa magumu kubadilika. Na nawaomba vijana wanaomaliza mitihani ya uhasibu ya CPA wasizitazame benki na ofisi za serikali pekee. Kwenye kampuni hizi changa kuna ada za wazazi, akiba za mama lishe, malipo ya waendesha bodaboda na nauli za abiria, zote zikipita kwenye mifumo iliyoandikwa na watu waliofundishwa programu lakini hawakufundishwa leja. Kampuni inayoweza kusema kila mwisho wa mwezi, shilingi kwa shilingi, nani ana haki gani katika pesa ilizonazo, hiyo ndiyo iliyo tayari kukabidhiwa nyingi zaidi.