Mshubiri Usio na Jina

Peleka kwenye kitalu chochote cha kando ya barabara mche wenye majani manene na miiba midogo pembeni, uulize ni mmea gani. Utaambiwa alovera. Siku hizi kila mshubiri ni alovera, kama ambavyo kila dawa ya meno ilikuwa Colgate. Mishubiri ina spishi zaidi ya 500, na alovera yenyewe asili yake ni Bara Arabu, si huku kwetu.

Mimi huanza kuutazama mche siku unapochomoza. Mshubiri hutoa jani moja la mbegu, jembamba, mara nyingi ganda la mbegu likiwa bado limening'inia kwenye ncha, mfano wa kitunguu. Yakitoka mawili, huo si mshubiri: huenda ni mpungate, au ni mmoja wa ukoo wa mnyaa. Wa ukoo wa mnyaa hujitangaza wenyewe: ukikwaruzwa kidogo hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Usiushike ukajifikicha macho.

Mkonge ndio unaowababaisha wengi, maana nao una jani moja la mbegu. Subiri mche ukomae, kisha vunja jani la chini. La mkonge hukataa kukatika, nyuzi zinavutika. La mshubiri hukatika kwa urahisi, ndani kuna ute, na karibu na ganda hutoka maji ya manjano machungu. Hiyo ndiyo shubiri yenyewe.

Hapo umejua ukoo tu. Jina la spishi ni kazi nyingine, na ndipo wajuzi wengi huaibika. Mshubiri mchanga hudanganya. Majani yake hupangana pande mbili, kushoto na kulia, kama kitabu kilichofunguliwa. Duara huja baadaye. Tena miche mingi huwa na madoadoa meupe ambayo hufifia mmea unapokua. Niliwahi kuandika "Aloe lateritia" kwenye kibao cha mche mmoja kwa kutegemea madoa hayo, nikajivuna nao mbele ya wageni kwa miaka minne. Ulipochanua, maua yote yalikuwa yameelekea upande mmoja wa tawi. Ilikuwa Aloe secundiflora, ule wa nyanda kavu, na jina lake lenyewe maana yake ni maua ya upande mmoja!

Spishi hizo mbili alizipa majina Mjerumani Adolf Engler, mwaka 1895. Lateritia ni rangi ya tofali, lakini rangi nisingeitegemea sana, kwa sababu ipo ya machungwa, nyekundu hata manjano. Tazama kitako cha ua moja moja: kimevimba kama kijipira, kisha ua linabanwa juu yake. Tazama pia shada, limejikusanya juu na kubapa kidogo. Alovera hutoa mkuki mrefu wa maua ya manjano. Kwa hiyo anayekutajia spishi bila kuona ua, msikilize kwa heshima, ila usiandike kibao.

Na hata ua likija, uliza mbegu ilitoka wapi. Mishubiri mingi haijichavushi yenyewe. Ndege aitwaye chozi hubeba chavua kutoka ua hadi ua, na hajali spishi. Mama akiwa amezungukwa na mishubiri ya aina tano iliyochanua majira yale yale, watoto wake ni machotara, kila mmoja na sura yake. Muuzaji anayekuuzia mbegu za bustani ya namna hiyo kwa jina moja lililonyooka, ama hajui, ama anajua na anataka pesa yako. Bora yule anayekuambia mama alisimama wapi na jirani zake walikuwa akina nani.

Kibao cha mche wangu wa karibuni kimeandikwa hivi: mama lateritia, baba hajulikani, umepandwa Mei 2021. Bado haujachanua.