Macho ya Msichana: Gustave Doré na Hadithi ya Kikofia Chekundu

Mwaka 1862 mchapishaji Hetzel wa Paris alitoa toleo kubwa la hadithi za Charles Perrault, likiwa na michoro ya Gustave Doré iliyochongwa juu ya mbao. Hadithi zenyewe zilikwisha kuchapishwa tangu 1697. Ni desturi kuihesabu michoro ya vitabu vya watoto kuwa pambo la maandishi tu. Desturi hiyo haifai katika hadithi ya Kikofia Chekundu, kwani hapo mchoro na maandishi havisemi jambo moja.

Msichana wa Perrault hajui kitu. Anavua nguo, anapanda kitandani, kisha anastaajabia mwili wa bibi yake, kiungo baada ya kiungo: mikono, miguu, masikio, macho, meno. Utamu wa usimulizi umo katika kejeli hiyo, kwamba msomaji amekwisha kutambua lile ambalo mhusika halitambui. Onyo la mtunzi huja baadaye, kwa beti, msichana akiwa ameliwa.

Doré amemsawiri msichana huyo huyo kitandani, nywele zimemwagika mabegani, shuka kalivuta kifuani, macho kamgeuzia mnyama aliyevaa kofia ya kulalia ya bibi. Macho hayo hayaulizi. Yamekwisha kujua. Kwa hiyo kejeli ya Perrault imevunjika, na pamoja nayo umepotea ucheshi wake. Lakini mhusika, ambaye katika maandishi alikuwa chombo cha onyo tu, amepata nafsi. Hasara hiyo inastahili kulipwa. Hata wekundu uliompa jina haumo, maana chapa ni nyeusi tupu.

(Mfasiri wa Kiswahili aandikaye “mbwa mwitu” ana shida ya pekee mbele ya mchoro huu. Katika Afrika ya Mashariki jina hilo lina mwenyewe: mnyama wa mabaka, mwenye masikio ya mviringo, awindaye kwa kundi. Wa Doré ni mwingine kabisa, naye yu peke yake.)

Mwindaji aokoaye aliletwa na ndugu Grimm mwaka 1812. Perrault hana mwokozi, na Doré hakumwongeza. Wala hakuchora kifo cha msichana. Mkono wake umesita kabla, na mtoto anayesomewa hubaki akilitazama shuka lile huku sauti ya msomaji ikikaribia swali la meno.