Taa Isiyowaka

Land Rover 109 ya shemeji yangu, Series III ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa inasukumwa kila asubuhi. Betri mpya, lakini ikilala usiku mmoja, stata haizunguki. Fundi wa kwanza aliisikiliza dakika mbili akatoa hukumu: alteneta imekufa, kanunue nyingine. Shemeji akaanza kuhesabu hela. Nikamwomba tupite kwanza kwa mzee mmoja fundi wa rewaya, yaani umeme wa magari, Ngarenaro, Arusha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, nielezeni. Ilianza lini?"

Alituhoji kama daktari, spana bado iko sandukuni. Injini iliguswa lini? Miezi miwili nyuma, ilifanyiwa ovaholi, ikapigwa na rangi. Taa ya chaji je, inasemaje?

"Ile haiwaki kabisa, mzee," shemeji akajibu, kwa fahari kidogo. "Upande huo hauna shida."

Mzee akaguna tu. Akabonyeza mkanda wa feni kwa dole gumba. Ukazama kama sentimita moja, akaridhika. Akaweka mita kwenye betri, injini imezimwa: volti 12.2. Betri iliyoshiba husoma 12.6 hivi. Tukasukuma gari, likawaka, akapima tena: 12.1. Ingekuwa inachajiwa ingepanda hadi karibu 14.

Kijana mmoja wa pale gereji akashauri tuchomoe terminali ya betri, gari likizima tujue alteneta ni mbovu. Mzee alimkemea kwa jicho. Mchezo huo ni urithi wa enzi za dinamo. Alteneta ina diodi ndani, na betri ikichomolewa injini ikiwa inaunguruma, volti huruka ghafla na kuziunguza. Unakwenda kupima ugonjwa, unauleta wewe.

Akazima injini, akafungua swichi bila kupiga stata, akainama kwenye dashibodi. Giza. Hapo ndipo nilipomwona akichangamka. Kwenye gari la namna hii taa nyekundu ya chaji si ya kumwonya dereva tu. Umeme wa betri hupita kwenye balbu ile ndogo, ukaingia kwenye koili ya alteneta, na koili ikapata usumaku wa kuanzia kazi. Alteneta ikishaamka, volti za pande zote mbili za balbu hulingana, nayo huzimika. Balbu ikiungua, mara nyingi hakuna wa kuiamsha alteneta. Inazunguka kutwa nzima, nzima kabisa, imelala.

Sisi tulikuwa tumeusoma ukimya wa taa ile kama habari njema.

Hata hivyo hakukimbilia kuichomoa balbu. Alivuta waya mwembamba wa taa ile nyuma ya alteneta, swichi ikiwa bado wazi, akaugusisha kwenye chuma cha injini. Taa ilipaswa kuwaka. Haikuwaka. Kwa hiyo tatizo liko upande wa dashibodi: waya umekatika au balbu imeungua. Akaitoa balbu, akaishika juani kwa ncha za vidole. Kioo kimeingia weusi, uzi wake umekatika katikati.

Akaweka balbu nyingine. Swichi, taa ikawaka nyekundu. Tukasukuma tena, injini ikawaka, taa ikazimika. Shemeji akapiga makofi. Mzee akaomba taa kubwa ziwashwe, akapima betri: 13.5.

Mafundi wengi wangefunga boneti hapo, na mimi ningewalipa kwa furaha. Yeye alisimama akiitazama ile namba. Akapima kwenye alteneta yenyewe, kati ya terminali nene na bodi yake: 14.2. Volti 0.7 zinapotelea njiani. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye injini: karibu sifuri. Akaihamisha ncha ya pili kutoka kwenye injini hadi bodi ya alteneta, mwendo wa kiganja kimoja tu: 0.6.

Mzee akacheka. Wakati wa ovaholi mtu alikuwa ameipaka breketi ya alteneta rangi nzuri ya kijivu, hata pale inapogusana na injini, akafunga boliti juu yake. Ethi ya alteneta, njia ya umeme kurudi, ilikuwa inapita kwenye nyuzi za boliti tu. Alifungua, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga. Kwenye betri, taa kubwa zikiwaka: 14.1.

Ilimchukua saa moja na nusu. Alitutoza balbu na ufundi, na alteneta ni ile ile hadi leo.

Kesho asubuhi ukifungua swichi ya gari lako, usikimbilie kupiga stata. Tazama kwanza kama taa nyekundu ya betri imewaka.