Alimwona kwa Mwanga Gani?

Kesi ya mauaji ya kikongwe katika vijiji vya Shinyanga na Geita aghalabu huanzia gizani. Watu wenye mapanga wameingia usiku, na aliyenusurika ni mjukuu aliyelala chumba kimoja na bibi yake. Anasimama kizimbani kwa mashahidi na kusema kwa Kisukuma: nilimwona, namfahamu. Sisi tulioketi nyuma tumeshaamini. Jaji ndiyo kwanza anaanza kazi.

Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua rufaa ya mtu aitwaye Waziri Amani mwaka 1980, jaji hawezi kutegemea macho ya shahidi wa usiku hivi hivi. Alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi, ukiwa na nguvu kiasi gani? Alikuwa akimjua kabla? Koroboi iliyo juu ya sanduku huenda ikaonyesha sura ya aliyeingia. Tochi iliyo mkononi mwa mvamizi humuumiza macho shahidi na kumficha aliyeishika. Kwa hiyo jibu la "taa ilikuwapo" halitoshi kumtia mtu hatiani. Jaji stadi hamkaripii mtoto huyo. Anamsubiri mkalimani amalize, anaandika, anauliza tena palipo na utata, kwa sauti ileile. Uvumilivu huo nauheshimu kuliko joho na itifaki yote ya mahakama.

Nao hujaribiwa kweli pale wananchi wanapokuwa na hasira ya haki. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama mbele ya Jaji Gabriel Rwakibarila iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino huko Bukombe, wilaya ambayo leo iko mkoani Geita. Hukumu ya aina hiyo haikuwa imewahi kutolewa nchini. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni moja tu, kunyongwa, na uchungu wa taifa zima hauwezi kuthibitisha ni nani hasa aliyeshika panga. Hilo huthibitishwa na ushahidi.

Kisha kuna kuandika. Sheria inataka hukumu ionyeshe hoja zinazobishaniwa, uamuzi na sababu zake, ili hata aliyeshindwa ajue ameshindwa kwa lipi. Kwa miaka mingi mjane wa Kahama alisikilizwa kwa lugha yake, akaandikiwa sababu kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mwaka huohuo Jaji Zephrine Galeba wa Musoma alipandishwa kwenda Mahakama ya Rufani, baada ya kuandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara.

Hukumu nyingi zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ndugu msomaji, tafuta moja ya Kanda ya Shinyanga uisome. Usikimbilie adhabu iliyo mwishoni. Anza na mashahidi.