Majazi katika Mahabharata: Jina ni Tabia au ni Ukoo?

Katika uhakiki wa fasihi, majazi hufasiliwa kuwa mbinu ya kumpa mhusika jina linaloafiki tabia yake. Makala hii inadai kwamba fasili hiyo haitoshi tunapoisoma Mahabharata, utendi mkubwa wa Wahindi uliotungwa kwa Kisanskriti.

Ni kweli kuwa baadhi ya majina humo yanaafiki wahusika. Devavrata aliapa kutooa wala kudai kiti cha enzi ili baba yake, mfalme Shantanu, aweze kumwoa Satyavati. Kwa kiapo hicho kizito akaitwa Bhishma, yaani "wa kutisha". Lakini Duryodhana husomwa vibaya. Kiambishi "dur" hubeba maana ya ubaya na pia ya ugumu. Jina lake ni "aliye mgumu kupigana naye". Hiyo ni sifa ya shujaa, si tusi.

Aidha, majina mengi hayataji tabia bali asili. Kisanskriti hubadili irabu ya kwanza ya jina la mzazi na kuunda jina la mtoto: binti Drupada ni Draupadi, mwana wa Kunti ni Kaunteya. Wanawake ndio wanaobanwa zaidi. Draupadi huitwa pia Panchali, kwa nchi ya baba yake. Gandhari ni wa Gandhara. Kunti, aliyezaliwa Pritha, anajulikana kwa jina la mlezi wake, mfalme Kuntibhoja. Arjuna, kinyume chao, anaitwa Dhananjaya, "mshindi wa mali", kwa vitendo vyake.

Karna ndiye anayeivunja kabisa fasili yetu. Kunti alimzaa kabla ya ndoa, akamwacha mtoni. Akalelewa na Radha, mke wa mwendesha gari la farasi, akaitwa Radheya. Kabla ya vita, Krishna, kisha Kunti mwenyewe, wakamfunulia siri na kumtaka ajiunge na ndugu zake. Kwa damu yeye ni Kaunteya, na jina hilo lingempa ufalme. Akakataa, akitaja mapenzi ya waliomlea na wema wa Duryodhana.

Hapa jina Radheya halielezi tabia. Kulishikilia ndiko kunakoidhihirisha. Basi tunapohakiki majazi, tusiishie kuuliza jina lina maana gani. Tuulize pia nani amelitoa, na mhusika amelipia nini ili abaki nalo.