Mahali pa Kompresa

Lami ya kutoka Arusha inaishia langoni Loduare, pale barabara inapoanza kupanda kwenye ukingo wa Ngorongoro. Kuanzia hapo gari la watalii linaingia kwenye changarawe, mawe na vumbi, na madereva waongozaji wanajua kwamba upepo wa tairi uliofaa kwenye lami haufai kila mahali. Ukiingia nao kwenye mchanga wa Ziwa Natron au kwenye udongo laini wa Ndutu, tairi linachimba na gari linakaa. Dawa ni kupunguza upepo. Tairi la PSI 40 likishushwa hadi 20 linalala, linakanyaga eneo refu zaidi, na gari la tani 3 linapita taratibu pale ambapo muda mfupi uliopita lilikuwa linajizika lenyewe.

Kutoa upepo ni kazi ya kijiti na subira kidogo. Kuurudisha ndiyo shughuli. Tairi laini kwenye barabara ya mawe linakatwa ubavuni, linapata joto kwa kukunjwakunjwa, na likikata kona kwa kasi linaweza kutoka kwenye rimu. Kwa hiyo anayepunguza upepo lazima awe na namna ya kuujaza hukohuko porini. Tairi la 7.50R16, ambalo magari mengi ya kazi huvaa, lina nafasi ya karibu lita 60. Kulipandisha kutoka 20 hadi 40 kunahitaji lita kama 80 za hewa, mara tairi nne. Vikompresa vya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari vinafanya hivyo, lakini fyuzi ya kiberiti mara nyingi ni ya ampia 15, yaani wati 180 tu kwa volti 12. Ni nusu saa ya kuchuchumaa vumbini, ukihesabu na muda wa kukisubiri kipoe. Kompresa kubwa iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri inamaliza zote nne ndani ya dakika chache. Kwa magari yenye difu inayofungwa kwa upepo kuna sababu nyingine tena: kompresa inatakiwa iwe tayari wakati wote, maana unapoihitaji, tayari tairi moja linaning'inia hewani.

Basi ifungwe wapi? Wako wanaoifunga nyuma ya siti, na wako wanaoiweka kwenye sanduku karibu na mizigo. Mimi nasimama na wanaoifunga chini ya boneti, ingawa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ugumu huo ndio unaonifanya niipende kazi hii. Hapo pana joto la injini, matope yanayorushwa na magurudumu, maji ya mtoni na mtikisiko usiokoma. Lakini hapo ndipo betri ilipo, wageni hawasumbuliwi na kelele, na kifaa hakiviringiki kati ya viti gari linapoyumba.

Fundi hodari nimemwona akianza kwa kutofanya chochote. Anafungua boneti, anaegemeza mikono kwenye madigadi, anatazama. Mbele yake ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililoanza kutoka mwaka 1984, na injini yake ni ile dizeli ya 1HZ ya silinda 6 na lita 4.2, isiyo na tabo. Ukilitazama harakaharaka utasema nafasi iko tele. Yeye anawasha injini, anaiacha ingurume mpaka ipate moto, kisha anapitisha kiganja polepole hewani, bila kugusa kitu: hapa moto wa ekzosi, hapa upepo wa feni unatoka kwenye rejeta ukiwa umeshachemka, hapa kona iliyotulia karibu na bati linalotenganisha injini na kabini. Anazima na kuwasha tena, safari hii macho yake yako kwenye injini yenyewe. Injini imekalia mipira, na kila inapowaka au kuzimika inajitingisha upande. Chochote kilichofungwa kwenye bodi kikiwa karibu nayo kitagongwa, na kisipogongwa gereji kitagongwa kwenye mlima wenye mawe, siku injini itakapolala zaidi.

Joto linamshughulisha kwa sababu kompresa yenyewe ni jiko. Aliyewahi kujaza baiskeli kwa pampu ya mkono anakumbuka jinsi pampu inavyopata moto kule chini. Hapa ni kanuni hiyohiyo, ila kwa nguvu zaidi. Hewa ya nyuzi 30 ikishindiliwa hadi bar 7 bila kupoteza joto lake, kwa hesabu inapanda juu ya nyuzi 250. Haifiki hapo kwa sababu chuma cha silinda na mapezi yake hulipokea joto na kulitoa nje, lakini kitaweza kulitoa tu ikiwa hewa inayokizunguka ni baridi kuliko chenyewe. Ukiibandika kompresa pembeni mwa ekzosi, umeinyima mahali pa kupumulia. Itafanya kazi siku ya majaribio, itafanya mwezi, kisha ringi za pistoni zitaanza kuchoka na mwenye gari atalaumu aliyeiunda.

Kijana wake, anayejifunza kazi, alipendekeza pembe moja iliyo wazi karibu na betri. “Mzee, hapa si panatosha?”

“Panatosha kwa leo, mwanangu. Siku filta ya dizeli ikitaka kubadilishwa, mkono utapita wapi?”

Jibu hilo, kwangu, ndilo linalotenganisha fundi na mfungaji wa vifaa. Chini ya boneti kila kitu kina siku yake ya kuguswa. Stiki ya oili huchomolewa asubuhi. Kikopo cha mafuta ya breki hufunguliwa, betri hutolewa, taa hubadilishwa balbu, na mara nyingi kazi hizo hufanywa na mtu mwingine, usiku, kambini, na tochi mdomoni. Kompresa inakuja mwisho, kama mgeni katika nyumba iliyojaa, na haina haki ya kumwondoa mwenyeji yeyote. Nimeona magari ambayo ili ubadilishe filta unaanza kwa kufungua kompresa na bolti zake nne. Kazi ile inang'aa kwa macho, na kila fundi atakayefuata atailaani.

Mahali pakishapatikana, chuma hakiguswi bado. Anachana boksi la vipuri, anakata kiolezo, anakilaza mahali pake, anakunja, anakata tena. Boksi linamwambia mengi bila gharama. Pale ambapo watengenezaji waliacha matundu yenye uzi kwenye bati la ndani la madigadi, anayatumia hayo, kwa sababu tundu jipya kwenye bodi ni mlango wa kutu. Kisha anakandika donge la unga juu ya kichwa cha kompresa, unga wa kawaida uliokandwa kama wa chapati, analifunika kwa nailoni na kushusha boneti mpaka ijifunge. Akiifungua, unene wa donge lililobanwa ndio nafasi halisi iliyopo. Anataka apate upana wa kidole gumba, maana boneti hucheza juu na chini kwenye barabara mbovu, hata kama gereji imetulia kama meza.

Braketi inatengenezwa kwenye jiliwa. Kompresa ya silinda mbili huweza kufika kilo 8 au 9, na uzito huo ukitikiswa siku nzima kwenye barabara iliyojaa mawimbi unakuwa nyundo. Wengi hukimbilia chuma kinene. Yeye anachukua bati la milimita 3 na kulikunja kingo zake, kwa kuwa bati lenye ukingo uliokunjwa hukataa kupinda kuliko bapa nene lisilokunjwa, na ni jepesi. Nilivutiwa zaidi na kitu kidogo. Kabla hajakata pembe ya ndani ya mkunjo, alitoboa tundu dogo la duara pale ambapo mikato miwili ingekutana. Pembe kali ndiyo mahali ufa unapozaliwa. Duara halina pa kuanzia kupasuka. Alitoboa, akasafisha ukingo wa tundu kwa tupa ya mviringo mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa, ndipo akachukua grenda. Tundu lile litafunikwa na rangi na hakuna mteja atakayewahi kuliona. Linachukua dakika 2. Limeipa braketi ile miaka.

Umeme una ukali wake. Kompresa ya ukubwa huu hunyonya ampia 50 na zaidi. Chukua waya wa milimita za mraba 2.5, mita 4 kwa kwenda na kurudi: volti karibu 1.4 zinapotea njiani, na wati kama 70 zinageuka moto ndani ya waya wenyewe. Mota inayotaka volti 12 inapata chini ya 11, inazunguka kwa uchovu, inanyonya muda mrefu zaidi, inachemka. Weka waya wa milimita za mraba 16, upotevu unashuka hadi volti 0.2. Tofauti ya bei ya shaba ni ndogo ukilinganisha na bei ya kompresa, na bado hapo ndipo watu wanapobana matumizi! Sijawahi kuuelewa ubahili huo.

Fyuzi inakaa shubiri moja kutoka kwenye nguzo ya betri. Fyuzi inalinda waya kuanzia pale ilipo kwenda mbele. Kipande kilicho kati yake na betri hakina mlinzi, basi kiwe kifupi. Swichi ya dashibodi haibebi mzigo huo wote, inaamrisha rilei tu, na umeme wake wa kuamrisha unachukuliwa mahali panapopata nguvu ufunguo ukiwa umewashwa, ili mtoto wa mwenye gari asije akaimaliza betri kwa kuchezea kitufe. Ncha za waya zinabanwa kwa koleo la kazi hiyo, hazichomwi risasi. Waya uliochomwa risasi unakuwa mgumu kama kijiti pale risasi inapoishia, na mtikisiko unaukata hapohapo. Unapopita kwenye bati kuingia kabini unavishwa mpira. Ukikosa mpira huo, ukingo wa bati utakula ganda la waya milimita kwa milimita mpaka siku shaba itakapogusa chuma.

Njia ya upepo ni fupi, ila ina adabu yake. Kipande cha kwanza kutoka kwenye kichwa cha kompresa ni mpira uliosukwa nyuzi za chuma, kwa ajili ya joto lile tulilolisema. Tepu ya uzi inazungushwa kufuata mwelekeo wa kukaza, na uzi wa kwanza kabisa unaachwa mtupu, maana kipande cha tepu kikichanika na kuingia ndani kitakwenda kukaa kwenye valvu, na valvu isiyofunga vizuri ni ugonjwa wa kutafutwa kutwa nzima. Mdomo wa kuvutia hewa unapelekwa juu, mbali na maji na vumbi linaloinuliwa na gurudumu la mbele. Vumbi la tambarare za Serengeti limechanganyika na majivu ya volkano, nalo linasaga chuma. Filta iwekwe pale mkono unapofika bila spana, la sivyo haitasafishwa.

Halafu inakuja sabuni. Kompresa inawashwa, inapandisha, swichi ya presha inakata karibu na PSI 150 na kimya kinaingia. Fundi anachovya brashi kuukuu kwenye maji ya sabuni na kupaka kila kiungo, kimoja baada ya kingine, akikikodolea macho kila kimoja. Kwenye kiungo cha tatu alipata povu moja, dogo kama punje ya mtama, likikua taratibu sana. Kijana alikuwa ameshaanza kukusanya spana. Mzee alitoa upepo wote, akafungua, akasafisha uzi kwa brashi ya waya, akafunga tepu mpya, akarudia tangu mwanzo, na safari hii povu halikutokea. Uvujaji ule usingemzuia mtu kujaza tairi. Ungeiamsha tu kompresa kila baada ya muda wakati difu imefungwa, na kuichosha bure.

Yako mambo ambayo ufundi hauyawezi. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila pigo la pistoni linakusanya robo pungufu. Dereva asiyelijua hilo ataanza kuishuku kompresa yake. Fundi anamweleza mapema, gari likiwa bado gereji, na kumwambia aiache injini ikiwaka wakati wa kujaza ili altaneta isaidie betri.

Kazi haijafungwa hapo. Bolti zote zikishakazwa, anachukua rangi nyeupe na kuchora mstari mwembamba unaotoka kwenye kichwa cha bolti na kuendelea juu ya braketi. Bolti ikilegea hata kidogo, mstari unakatika na kila mtu anaona, hata asiyejua kushika spana. Mwenye gari anaambiwa arudi baada ya safari ya kwanza, na malipo ya ziara hiyo yameshaingizwa kwenye bei. Gari lile lilirudi likiwa jekundu kwa vumbi hadi kwenye vioo. Alifungua boneti, akapangusa braketi kwa kidole. Mistari mitatu ilikuwa imenyooka. Wa nne, ule wa karibu na betri, ulikuwa umehama kwa unene wa kucha. Alifungua bolti ile, akatupa washa ya springi iliyokuwa imechoka, akaweka nati ya nailoni, akakaza, akaomba rangi.