Kwa Nini Malaria Huiandama Mimba ya Kwanza

Mwanamke aliyekulia kando ya Ziwa Victoria huwa ameugua malaria mara nyingi tangu utotoni. Akifika utu uzima, anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akaenda shambani bila homa. Kisha anashika mimba ya kwanza, na ugonjwa aliokwisha kuuzoea unamrudia upya. Mimba ya pili huwa na nafuu, na zinazofuata zaidi.

Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba ujauzito hushusha kinga ya mama ili mwili usimkatae mtoto. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Kama tatizo ni ujauzito wenyewe, mbona mimba ya nne haina hatari sawa na ya kwanza?

Jibu lilipatikana Kisumu. Mwaka 1996, watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa makini. Walitoa chembe nyekundu zenye vimelea kutoka kwenye kondo la nyuma la akina mama waliojifungua, kisha wakazipima zinanata wapi. Zilinata kwenye kondroitini salfeti A, mnyororo wa sukari unaopatikana kwa wingi ndani ya kondo. Chembe zilizotoka kwa watu wasio wajawazito hazikunata hapo. Walipoongeza kondroitini iliyosafishwa kwenye vipande vya kondo, vimelea vilishindwa kushika. Ikawa wazi kwamba vimelea vya kondo ni kundi la pekee.

Fumbo la mimba ya kwanza likafumbuka. Kimelea cha malaria aina ya falsiparamu kina jeni zipatazo 60 za protini za kunatia, na huvaa moja kwa wakati mmoja, kama mtu anayebadili nguo asitambuliwe. Mwaka 2003 watafiti wa Copenhagen walibainisha vazi la kondo: protini iitwayo VAR2CSA. Kabla ya kondo kuwepo, vimelea vyenye vazi hilo havina pa kushika, kwa hiyo kinga ya msichana haijapata kulizoea. Baada ya mimba moja au mbili, mwili hutengeneza kingamwili zinazozuia vimelea visinate. Wanaume wanaoishi naye kijiji kimoja, hata wakiugua malaria maisha yao yote, kwa kawaida hawana kingamwili hizo.

Wakati kinga hiyo ikijengwa, madhara yanaendelea. Ukitazama kwa hadubini kipande cha kondo lililoathirika, utaona nafasi za damu ya mama zimejaa chembe zenye vimelea, na kati yake seli kubwa za kinga zilizomeza himozoini, uchafu wa rangi ya kahawia unaoachwa na kimelea. Seli hizo humwaga kemikali za uvimbe kama TNF. Zimekuja kumlinda mama, lakini vita vyenyewe vinaumiza kondo na kupunguza lishe ya mtoto. Mama huishiwa damu, na mtoto huzaliwa njiti au na uzito pungufu. Hata kingamwili ambazo mama humpitishia mtoto zinaweza kupungua.

Kwa kuwa vimelea vimejificha kwenye kondo, damu ya kidoleni inaweza kuonekana safi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halisubiri kipimo. Tangu 2012 linashauri kwamba, katika maeneo ya Afrika yenye maambukizi ya wastani hadi mengi, mjamzito apewe dawa ya sulfadoksini-pirimethamini (SP) katika kila hudhurio la kliniki kuanzia miezi mitatu ya kati, dozi zikipishana angalau mwezi mmoja, apate tatu au zaidi. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP.

Chanjo mbili zinazolenga VAR2CSA, PAMVAC na PRIMVAC, zimeshajaribiwa kwa binadamu, ikiwemo nchini Benin na Burkina Faso. Zilizalisha kingamwili, ila nyingi zilitambua zaidi aina ile ile ya kimelea iliyotumika kutengeneza chanjo. Kazi bado ipo.

Kwa leo, kinga ambayo msichana hana anaweza kupewa kwa chandarua chenye dawa na vidonge vitatu vya SP vinavyomezwa kwa pamoja mbele ya mhudumu. Mwenye mimba ya kwanza ndiye mara nyingi huchelewa kliniki, kwa aibu au kwa kukosa nauli, naye ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Mama mkwe, mume, wifi: msimwache asubiri tumbo lionekane. Mpelekeni mapema.